Bastola ya Jambazi au ya Sherifu: Shemeji, Chukua Ipi?

Bat Masterson alikuwa sherifu wa kaunti ya Ford, Kansas, enzi zile Dodge City inanuka samadi ya ng'ombe na baruti. Uzeeni alihamia New York akawa mwandishi wa michezo, mtu wa suti na kofia, lakini watu hawakuacha kumfuata: mzee, tuuzie ile bastola yako. Inasimuliwa kwamba mmoja alimganda mpaka akamchosha. Masterson akaenda duka la rehani, akanunua bastola kuukuu ya kampuni ya Colt, akachanja alama 22 kwenye mpini kwa kisu, akamkabidhi. Jamaa akauliza kwa woga kama wote hao aliwaua yeye. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jamaa akaondoka na mali yake, moyo umemtulia.

Nilimsimulia shemeji kisa hicho tukiwa kwenye gari, Jumamosi moja, tunaelekea kwenye maonyesho ya silaha hapa Texas. Hakucheka. Alikuwa na dola elfu kumi na kitu mfukoni, jasho la miaka mingi ya kuendesha lori, na alikuwa ameshaamua kwamba kabla hajastaafu lazima awe na bastola moja iliyowahi kuwa ya mtu wa Magharibi ya kale. Alishaona mbili, kwa wauzaji wawili, meza zao hazipishani hata hatua ishirini. Moja ilikuwa ya jambazi mashuhuri, "ya Jesse James mwenyewe". Nyingine ilikuwa ya naibu sherifu ambaye wewe na mimi hatujawahi kumsikia. Bei ya ya kwanza dola 11,000, ya pili 7,800. Nikaitwa nitoe ushauri, kwa kuwa familia nzima inajua mimi ndiye mgonjwa wa mambo haya.

Haya ndiyo niliyomwambia siku ile, pamoja na yale niliyoyakumbuka usiku baada ya kurudi nyumbani.

Siku moja, mnada mmoja, silaha mbili

Ukitaka kupima jambazi na askari kwenye mizani moja, nenda Los Angeles tarehe 27 Agosti 2021. Nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza mkusanyo wa mume na mke kutoka Texas, Jim na Theresa Earle. Ndani yake kulikuwa na vitu viwili vya kisa kimoja.

Cha kwanza ni bunduki ya Whitney yenye mitutu miwili. Tarehe 28 Aprili 1881 jambazi kijana, Billy the Kid, alikuwa amefungwa pingu kwenye jengo la mahakama la Lincoln, New Mexico, akisubiri kunyongwa. Alimuua mlinzi mmoja, akaichukua bunduki ya mlinzi wa pili, Bob Olinger, akamsubiri dirishani akamfyatulia nayo. Bunduki hiyo ilikwenda kwa dola 978,313.

Cha pili ni Colt ya sherifu Pat Garrett, namba 55093, iliyotoka kiwandani mwaka 1880. Usiku wa tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, Garrett alikuwa amekaa gizani chumbani kwa Pete Maxwell. Billy akaingia, akauliza kwa Kihispania ni nani huyo. Garrett akafyatua. Waliokadiria bei walisema itafika dola milioni mbili, ikizidi sana tatu. Ikauzwa kwa zaidi ya milioni sita.

Shemeji akasema: basi askari kashinda. Ngoja kwanza. Colt ile haikuanza kuwa ya askari. Garrett aliipata Desemba 1880 alipomkamata Billy Wilson, mwenzake Billy the Kid, kule Stinking Springs. Kwa hiyo ni bastola ya jambazi iliyoporwa na sherifu ikamuua jambazi mwingine. Mpaka kati ya makundi hayo mawili, Magharibi ile, ulikuwa mwembamba kama uzi. John Selman aliyempiga risasi John Wesley Hardin kwenye baa huko El Paso mwaka 1895 alikuwa konstebo siku hiyo, ila miaka ya nyuma yeye mwenyewe alikuwa anasakwa. Hardin naye, muuaji mashuhuri wa Texas, siku ile alikuwa wakili mwenye leseni. Sasa bastola ya Selman utaiweka kabati gani?

Kilichoipandisha Colt ya Garrett si beji, ni makaratasi. Garrett aliikabidhi kwa rafiki yake, Tom Powers, mwenye baa huko El Paso, ikawekwa wateja waione. Mwaka 1906 akaandika barua kuieleza. Mwaka 1908 Garrett akauawa. Powers naye alipofariki, mjane wa Garrett, Apolinaria, akaidai bastola ya mumewe kwenye mirathi ya mwenye baa. Wakagoma. Akawapeleka mahakamani, miaka ya mwanzo ya 1930, akashinda akarudishiwa. Fikiria hilo: mama mjane anapigania kipande cha chuma, na bila kukusudia anakiachia cheti ambacho hakuna mnada unaoweza kukitunga. Kila mkono ulioishika ile bastola umeandikwa mahali. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, mali ikafika milioni sita.

Shida ya jambazi

Jambazi hana daftari. Ndiyo kazi yake. Silaha anaiba, anabadilishana, anaitupa mtoni. Hanunui kwa jina lake, na akifa mara nyingi mali inagawanwa na waliokuwa karibu kabla hata mwili haujapoa.

Jesse James aliuawa tarehe 3 Aprili 1882 nyumbani kwake St. Joseph, Missouri, kwa risasi ya kisogoni, na mtu wa kundi lake mwenyewe, Bob Ford. Alikuwa ameziweka bastola zake kitandani, akapanda kwenye kiti kurekebisha picha ukutani. Mama yake, Zerelda, aliishi miaka mingi baada ya hapo, akipokea wageni shambani kwa kiingilio. Alikuwa akiuza hata kokoto za kaburini, na inasemekana zikiisha anakwenda kuchota nyingine kijitoni. Bastola za "mwanangu Jesse" nazo zilikuwa haziishi. Simlaumu mama wa watu. Alikuwa na mkono mmoja baada ya wapelelezi wa Pinkerton kuivamia nyumba yake mwaka 1875, na njaa haina haya. Lakini kila kokoto na kila bastola aliyouza ina mjukuu wa mtu mahali fulani anayeapa kwamba ni ya kweli, na wala hadanganyi. Anasema alichoambiwa na babu yake.

Ndiyo maana soko linamwogopa jambazi hata anapokuja na ndugu zake. Novemba 2013 Heritage Auctions ya Dallas ilileta Colt ya kaliba ya .45 (kipimo cha upana wa risasi) iliyotoka kwenye familia ya James. Matarajio yalikuwa dola milioni moja na laki sita. Dau likasimama kwenye laki nne, bastola ikarudi kabatini. Mwezi huohuo San Francisco, Smith & Wesson iliyosemekana kuwa mwilini mwa Wild Bill Hickok siku alipouawa Deadwood, Agosti 1876, ikafika dau la dola 220,000, bei ya chini ya mwenye mali haikufikiwa, nayo ikarudi. Hickok alikuwa upande wa sheria, nakubali. Neno "ilisemekana" halibagui mtu.

Majambazi wa karne iliyopita ni hadithi nyingine kabisa, kwa sababu waliishi zama za kamera, magazeti na polisi wenye mafaili. Bonnie Parker na Clyde Barrow waliuawa barabarani Louisiana tarehe 23 Mei 1934. Kiongozi wa msako, Frank Hamer, alijichukulia silaha zilizokuwa kwenye gari kama sehemu ya malipo yake, na familia za marehemu zilipoandika kuzidai hazikupata kitu. Silaha zikabaki mkono wa askari, zikaja na kiapo cha mtoto wa Hamer. Mwaka 2012 kwenye mnada wa Nashua, New Hampshire, Colt ya Bonnie ya .38, ile iliyokutwa imefungwa kwa plasta pajani, ilikwenda kwa dola 264,000, na ya Clyde ya .45 kwa 240,000. Umeona tena? Silaha ya jambazi, daftari la askari. Nikimpata jambazi aliyekamatwa na mtu mwenye kumbukumbu, huyo ndiye namtaka.

Al Capone, jambazi wa Chicago, naye: wajukuu wake wa kike waliuza vitu vya babu yao wenyewe huko Sacramento mwaka 2021, Colt aliyoipenda kuliko zote ikapata dola 860,000. Miaka kumi kabla, Colt yake nyingine ndogo ya .38 iliuzwa London kwa pauni 67,250. Mtu huyohuyo, na zote mbili zilikuwa na maneno ya familia. Ila ya Sacramento ilitoka kabatini kwa wajukuu moja kwa moja, haikupitia kwa dalali wala jirani.

Shida ya sherifu

Usidhani askari ni salama hivyohivyo. Askari maarufu ana ugonjwa wake, nao unaitwa sinema. Wyatt Earp alipigana Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, vita vya kama nusu dakika tu, risasi kama thelathini. Tangu hapo bastola "za Earp" zimezaana kama kumbikumbi baada ya mvua. Wasifu uliochapishwa mwaka 1931 ulisema Earp alipewa Colt maalumu yenye mtutu mrefu wa ajabu. Kumbukumbu za kiwanda hazionyeshi oda ya namna hiyo, lakini watu wanaitafuta mpaka leo, na anayetafuta kwa bidii hakosi wa kumtengenezea. Mwaka 2014 huko Scottsdale, Arizona, Colt ya .45 iliyotajwa kuwa ya Earp ilipata dola 225,000. Ilitoka kwenye mali ya mwandishi ambaye watafiti walishabishana naye miaka mingi. Iweke bei hiyo pembeni ya milioni sita za Garrett ndipo uone kila shaka moja inakata kiasi gani.

Askari ana faida moja kubwa: alikuwa mtu wa barua. Rudi kwa Masterson wetu. Tarehe 24 Julai 1885 alikaa Dodge City, akachukua karatasi ya baa iitwayo Opera House, akaiandikia kampuni ya Colt barua ya oda. Alitaka .45 iliyopakwa nikeli, mtutu uwe mfupi, urefu sawa na ile fimbo ya kutolea maganda, triga iwe nyepesi, na ile nundu ya mbele ya kulengea iwe juu kidogo na nene kidogo kuliko kawaida. Nundu! Mtu aliyetumia bastola kweli ndiye anayejua kwamba ya kawaida haionekani vizuri kwenye jua. Kiwanda kiliandika kwenye vitabu vyake. Aliagiza nane kwa miaka michache, kati ya 1879 na 1885. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyemtupia mteja bastola ya duka la rehani, anazo pia zake za kweli zinazofuatika mpaka ghalani kwa Colt, Hartford.

Meza mbili za shemeji

Sasa turudi ukumbini. Meza ya kwanza, ya "Jesse", ilikuwa na kitambaa cha mahameli nyekundu, taa ndogo, na picha ya Jesse kwenye fremu ya dhahabu. Kizuri chajiuza, nikajisemea moyoni. Muuzaji mzee mcheshi, akatupa kahawa. Akatoa hati ya kiapo ya mwaka 1974, imepigwa chapa, imetiwa muhuri, inasema: bastola hii ilikuwa ya Jesse James, nimeipata kwa marehemu babu aliyepewa na jirani. Shemeji akaishika kwa mikono miwili kama anapokea msahafu.

Mimi nikaomba kuiona bastola yenyewe. Cha kwanza ninachotazama ni misumari ya parafujo. Vichwa vyake vilikuwa vimeliwa, mtu alishawahi kuifungua na bisibisi isiyotosha. Si dhambi, ni bastola kongwe. Cha pili, namba ya silaha. Colt ya namna hii ina namba sehemu tatu upande wa chini: kwenye fremu, kwenye kinga ya triga na kwenye kishikio. Mbili zilifanana. Ya tatu ilikuwa na tarakimu moja imesimama juu kuliko wenzake, kama mtoto aliyechomoza kichwa kwenye mstari wa shule. Na namba yenyewe ilianza na laki moja na zaidi.

Hapo nikanyamaza, nikanywa kahawa. Kumbuka Colt ya Garrett: 55093, mwaka 1880. Colt hawa walihesabu mfululizo tangu 1873. Laki moja na kitu inaangukia mwaka 1883 au 1884. Jesse alizikwa 1882.

Nilimwambia shemeji kwa Kiswahili, nikitabasamu ili mzee asihisi: "Shem, marehemu aliinunua akiwa kaburini." Akanitazama. Akaiweka ile hati mezani polepole.

Sitaki kusema yule mzee ni tapeli. Huenda naye aliuziwa na aliyeuziwa. Kiapo kinathibitisha kwamba mwaka 1974 mtu fulani aliapa, basi. Wakili aliyegonga muhuri alithibitisha sahihi, hakuthibitisha hadithi.

Meza ya pili haikuwa na mahameli. Jamaa amekaa kwenye kiti cha kukunja anakula sandwichi. Colt ya .45, mtutu inchi nne na robo tatu, ya mwaka 1897, nikeli imebanduka mdomoni mwa mtutu pale ilipokuwa ikisuguana na ala. Ndani ya bahasha ya plastiki: barua ya kumbukumbu kutoka Colt inayosema ilitoka kiwandani lini, na mtutu na rangi gani, na ikapelekwa kwa muuzaji wa jumla St. Louis. Picha ya yule naibu, masharubu kama fagio, bastola kiunoni. Na karatasi iliyonifanya nikae chini: nakala ya orodha ya mirathi ya mahakama ya kaunti, mwaka 1921. Ng'ombe wawili, gari la farasi, saa ya mfukoni, bastola moja ya Colt, na namba yake. Namba ileile.

Zipime hivi

Kwa hadithi ya kusimulia sebuleni, jambazi anashinda. Hakuna mgeni atakayekuuliza habari za naibu sherifu. Kwa uhakika, askari wa kawaida anashinda, kwa sababu alilipwa mshahara, alisaini vitabu, alikufa kitandani, na akaacha warithi waliogombana mbele ya hakimu. Ugomvi wa warithi ni neema kwa mkusanyaji. Kwa kuuza tena, mwenye jina kubwa na makaratasi kamili hana mshindani, lakini huyo si wa mtu wa lori. Mwenye jina kubwa bila makaratasi ndiye mbaya kuliko wote: unamnunua kwa bei ya jina, unamuuza kwa bei ya chuma.

Ipo njia ya tatu ambayo wengi wanaidharau: nunua silaha ya enzi ileile isiyo na jina kabisa. Colt za kizazi cha kwanza zilitengenezwa zaidi ya laki tatu na nusu, kwa hiyo zipo. Lipia barua ya kumbukumbu kutoka kiwandani; kwa bunduki za Winchester kumbukumbu ziko kwenye jumba la makumbusho la silaha huko Cody, Wyoming, na Smith & Wesson wana taasisi yao. Ila uijue barua hiyo inasema nini. Inakwambia bastola ilivyotoka na ilikopelekwa, mara nyingi kwa muuzaji wa jumla New York au St. Louis. Haikwambii nani aliivaa. Anayekuonyesha barua ya kiwanda kama ushahidi kwamba ilikuwa ya Doc Holliday, yule mcheza kamari rafiki wa Earp, muulize barua inamtaja wapi.

Nakala mpya za Kiitaliano, kama za Uberti, ni za kupigia shabaha na kujifurahisha. Nzuri sana, bei ya kawaida, wala si mkusanyo. Tupite.

Kwenye minada mikubwa usisahau ada ya mnunuzi. Dau lako likisimama, nyumba ya mnada inaongeza asilimia yake, mara nyingi ishirini na kuendelea. Bei za magazetini mara nyingine zimejumlisha ada, mara nyingine hazijajumlisha, ndiyo maana utasoma silaha moja ina bei mbili.

Sheria, kwa kuwa wengi wetu tuna karatasi za uhamiaji

Hili nalisema kwa msisitizo kwa Waswahili wenzangu walio Marekani. Kwa sheria ya shirikisho, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale na haihesabiwi kama silaha za kawaida. Colt ya shemeji ya 1897 ilipita hapo kwa mwaka mmoja tu. Majimbo yana sheria zao, uliza la kwako. Silaha za baadaye, kama za akina Bonnie na Capone, zinahitaji utaratibu kamili. Iliyozidi miaka 50 inaweza kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji, ambayo ni dola 30 kwa miaka mitatu. Uko kwenye viza ya masomo au ya matembezi? Sheria inakukataza kumiliki silaha ya kawaida isipokuwa una msamaha kama leseni ya uwindaji. Usicheze na hilo kwa sababu ya mapenzi ya historia. Bunduki rashasha za enzi za Thompson zina usajili wake tangu 1934, na ambayo haikusajiliwa haiokoleki, hata kama aliishika Clyde mwenyewe.

Walioko Uingereza: tangu 2021 sheria ya silaha za kale imebanwa, baadhi ya kaliba kama .41 Colt na .44 Russian zimetolewa kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Na .45 Colt haimo kabisa kwenye orodha hiyo, risasi zake bado zinatengenezwa. Na yeyote anayewaza kuifungasha kwenye sanduku aende kuwaonyesha wazee Tanga au Mombasa, andika kwanza kwa wenye kutoa leseni kule, usubiri jibu la maandishi. Uwanja wa ndege hakuna wa kumweleza habari za Pat Garrett.

Tulichofanya

Shemeji alizunguka ukumbi mara mbili. Alirudi meza ya mahameli, akaitazama picha ya Jesse, akashukuru kahawa. Kisha akaenda kwa jamaa wa sandwichi, akaanza kupiga bei kama yuko Kariakoo. Kutoka 7,800 wakafika 7,200, na picha ya naibu na fremu yake kama nyongeza. Aliomba nakala halisi ya ile orodha ya mirathi. Jamaa akampa namba ya jalada la mahakama ili akajichukulie mwenyewe yenye muhuri. Wiki iliyofuata alikwenda, mwendo wa saa tatu, akalipa dola chache, karani akaitoa kwenye sanduku lenye vumbi. Alinipigia simu akiwa bado kwenye ngazi za mahakama, akinisomea: ng'ombe wawili, gari la farasi, saa.

Bastola iko kwenye sefu. Picha iko sebuleni. Dada yangu aliporudi kazini jioni ile alisimama na mkoba begani, akauliza huyu mzungu mwenye masharubu ni nani, na kwa nini ametundikwa juu ya picha ya baba.